Kabla ya Jumapili ya Utatu

Bwana, leo Nyemo amenishinda.
Nilipanga mafiga mbele ya darasa la kipaimara,
nikapangusa majivu, nikateleka chungu,
nikasema: tazameni, mawe matatu, moto mmoja.
Akanyoosha mkono, huyo binti wa Chilatu,
vidole bado vina unga wa mtama:
"Mwalimu, figa moja likiondoka, chungu kinamwagika.
Kwani Mungu anaweza kumwagika?"

Wenzake wakacheka. Mimi nikakohoa,
nikasingizia vumbi.

Nikajaribu maji, barafu na mvuke,
ingawa barafu hapa Chilonwa ni ile ya dukani kwa Msigalo,
tena siku umeme ukiwapo.
Na hata nilipokuwa nasema nilijua napotosha,
maana barafu ikishakuwa maji, barafu haipo tena,
nawe hujawahi kutoweka ili uwe mwingine.

Basi nimekuja korongoni alfajiri na ndoo yangu.
Kinyasungwe umelala chini ya mchanga wake
kama mtu aliyejifunika shuka hadi usoni.
Upepo wa Juni unauma masikio.
Nachimba kwa jembe, kisha kwa sahani ya bati:
mchanga mkavu, mchanga mkavu,
mchanga wenye ubaridi,
halafu ule mweusi unaoshikamana kiganjani,
na hapo huna budi kungoja.

Nilitaka kukuomba kwa mpangilio,
Baba kwanza, kisha Mwana, kisha Roho,
kama wazee wa kanisa wanavyoketi benchi la mbele.
Lakini Perusi yuko wodini Mvumi, siku ya tisa leo,
na mpangilio wangu umekwama
kwenye karatasi ya vipimo nisiyoweza kuisoma.
Nilipofungua kinywa lilitoka neno moja, Baba,
na hata hilo halikuwa langu.
Lilipanda kutoka chini kuliko koo,
kama maji haya yanavyopanda bila kuitwa,
nikamhisi mwingine amepiga magoti shimoni pamoja nami,
mwenye kiu, mwenye mchanga kwenye kucha,
anayelijua neno hilo tangu kabla mto haujawa mto.
Akalisema nami,
au mimi nikalisema naye, sijui.

Anayeombwa. Anayeomba kando yangu. Anayeomba ndani.
Mimi nilikuwa nani basi?
Labda shimo tu,
pale mchanga ulipoondolewa.

Ee Mungu, sikuelewi kuliko jana.
Nasimama nje ya tembe yako usiku,
nasikia mazungumzo, nasikia kicheko cha wanaopendana;
nabisha hodi,
na sauti inayoniambia karibu ni moja.

Mponye Perusi.
Hilo nimelisema na kwa Kigogo pia,
usije ukaniambia hukusikia.
Na kama njia yako ni nyingine, sitaki kuijua leo,
ila usimwache alale peke yake kwenye kitanda kile cha dirishani,
wewe ambaye hukuwahi kuwa peke yako
hata kabla hakujakuwa na mtu wa kukuita.

Maji yamefika. Haba, rangi ya chai ya maziwa.
Kata ya kwanza namwaga, ya pili namwaga,
ya tatu naiangalia ikitulia.
Kengele za ng'ombe zinashuka ukingoni.

Mafiga nitayarudisha jikoni kwa mama mkwe,
amekwisha yaulizia mara mbili.
Na Nyemo akiuliza tena Jumapili,
nitamwambia apige magoti, nami nipige,
tunyamaze hapo sakafuni,
tuone ni nani atakayeanza kusema.